Kidole Chako Kitashuhudia Nini?



Wewe ni nani? Mzee wa Sitalike, penye Mto Katuma kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, angejibu kwa kutaja ukoo na kabila lake: Mpimbwe, Mkonongo au Mfipa. Mjukuu wake ana majibu zaidi. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Nayo simu humpa jina alilojichagulia na marafiki asiopata kuonana nao.

Je, hayo ni mabaya? La, hasha! Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume Muhammad s.a.w. ni kusoma. Na Sura Al-Hujurat hufundisha kuwa makabila yamewekwa ili watu watambuane, na mbora wao ni amchaye Mungu zaidi. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mbashiri wa Ahmadiyya, mshairi mashuhuri, na mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mambo hayo matatu hayakumfanya kuwa watu watatu.

Hatari ni mtu mmoja kuwa watu wawili. Mwongofu mpya hutukanwa katika simu kwa sababu ya imani yake, pengine na jamaa zake mwenyewe. Msikitini ni mpole. Usiku, akijificha nyuma ya jina la bandia, hurudisha tusi kwa tusi. Hudhani hakuna amjuaye.

Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, kwa kuwa kidole hakidanganyi. Lakini Kurani Tukufu ilikwisha kutaja, katika Sura Al-Qiyama, uwezo wa Mwenyezi Mungu wa kuzitengeneza upya hata ncha za vidole. Na Sura Ya-Sin inaonya juu ya siku ambayo vinywa vitafungwa na mikono itasema.

Basi, ndugu mwongofu, nawe utafutaye haki, kabla ya kupeleka neno jiulize: Je, ni kweli? Je, naweza kuliandika kwa jina langu? Je, mkono wangu ukilisema Siku ya Kiyama, nitafurahi? Ukiweza kujibu ndiyo, umekwisha jua wewe ni nani.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wamoja, sirini na hadharani. Amin.