Kipindupindu Baada ya Disko Vumbi: Namna ya Kukifuatilia

Mwanzoni mwa 2024, Krismasi na Mwaka Mpya vikiwa vimetoka tu kupita, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyopambana na kipindupindu. Vijana wawili watatu wa kijijini wakianza kuharisha choo kama maji yaliyooshea mchele siku chache baada ya mkesha wa disko vumbi, lile disko la usiku la uwanja wa wazi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kitongoji ndio wanaogongewa mlango kwanza. Mpe mgonjwa maji yenye ORS njiani, mfikishe zahanati, mjulishe afisa afya wa kata au piga 199, ni bure. Halafu chukua daftari.

Usiende kuwahoji vijana ukiongozana na mgambo wala sungusungu. Disko lenyewe huenda halikuwa na kibali, binti aliaga anakwenda kwa shangazi, na kuna aliyelala kwa mtu asiyetaka atajwe. Wakihisi kesi, watakuambia walilala nyumbani saa mbili. Wasalimie kwa Kisukuma, mwangaluka, kaeni pembeni, mbali na wazazi, kisha sema wazi: "Sitafuti mkosaji, natafuta maji au chakula kilichowaumiza." Na ulishike neno hilo. Jina moja likivuja kwa mzazi, kesho hakuna atakayekufungulia mdomo.

Usiulize "ulikula nini?" Mtu aliyecheza hadi alfajiri hakumbuki. Mwombe afungue simu: picha zina saa, na ujumbe wa malipo unaonyesha alinunua kwa nani na saa ngapi. Hapo ndipo maswali yanapopata pa kushika. Juisi ya ukwaju ilitoka ndoo ipi? Barafu ilitoka wapi? Kikombe kilioshwa, au kilichovywa tu kwenye beseni moja usiku kucha? Kachumbari ilikatwa saa ngapi? Waulize bodaboda pia. Wanajua nani walimpeleka kitongoji gani, na nani alitapika njiani.

Rudi nyuma vya kutosha. Kipindupindu huweza kujitokeza baada ya saa chache au hata siku 5, hivyo aliyeugua Krismasi mchana huenda aliambukizwa kabla ya mkesha. Andika siku na saa ya choo cha kwanza kwa kila mmoja.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuwahoji wagonjwa peke yao. Wazima waliokuwepo wana thamani ileile. London mwaka 1854, daktari John Snow alipoishuku pampu ya Broad Street, alikuta hakuna mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani aliyeugua vikali. Walikuwa wakipewa bia na hawakuyategemea maji ya pampu ile. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme umehoji vijana 40. Kati ya 20 waliokunywa ukwaju wameugua 15, yaani asilimia 75. Kati ya 20 ambao hawakuugusa wameugua 2, asilimia 10. Wagonjwa pekee wangekuonyesha 15 kati ya 17 tu, na huenda wote 17 walikula chipsi vilevile, kama walivyokula wazima. Wale 2 usiwafute: huenda walitumia barafu ileile, au maji ya beseni lile.

Muuza juisi usimtangaze. Mweleze faraghani, asimamishe biashara, asimwage kilichobaki kabla afisa afya hajachukua sampuli. Naye huenda alichota mahali wanapochota wengine, na hapo kijiji kizima kinahitaji maji yaliyotibiwa, siyo yeye peke yake.

Mwisho, orodhesha waliokwishaondoka. Sikukuu ikiisha, vijana wanarudi Mwanza, Maswa, vyuoni. Wapigie, waambie dalili na waende kituo gani, kisha mpe afisa afya namba zao siku hiyohiyo ili wilaya wanakoelekea ijulishwe.