Kufunga Mtambo wa Kuchimbia Nyuma ya Trekta ya Zamani

Mkulima, huenda wewe na jirani zako mmeweka fedha pamoja mkanunua trekta ya zamani, na sasa mnatafuta mtambo wa kuchimbia uliokwisha kutumika, mpate kuchimba mitaro, mashimo ya saileji na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Shauri hilo ni jema. Huko Kinangop, kwa mfano, maji hutuama juu ya udongo mzito wakati wa masika, na mtaro mzuri huokoa viazi visioze. Lakini mtambo huu si kama plau. Ukifungwa vibaya huvunja trekta, na huweza kumwua mwendeshaji. Basi soma somo hili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

1. Kwa nini trekta huvunjika

Trekta nyingi za zamani, kama Fordson Major, au Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, hazina fremu. Injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma zimeunganishwa kwa bolti, na hizo ndizo uti wa mgongo wa trekta. Sehemu kubwa yake ni chuma cha kalibu. Chuma hicho hakipindi, hupasuka.

Plau huvutwa tu. Mtambo wa kuchimbia husukuma, huvuta na kusokota. Ukiufunga kwenye vile vyuma vitatu vya kuinulia plau, nguvu yote huenda kwenye vishikio vidogo vilivyo nyuma ya trekta.

Tena iko hatari kubwa zaidi. Katika trekta hizo vyuma vya kuinulia huinua tu. Hakuna nguvu inayovizuia visipande. Ndoo ikikandamiza ardhi ngumu, mtambo wote huweza kuruka juu pamoja na kiti chake, ukambana mwendeshaji kati yake na trekta.

2. Fremu ndiyo dawa

Nunua mtambo wenye fremu yake, inayoshika nyumba ya ekseli na kupita chini ya tumbo la trekta hadi mbele. Uliza fremu hiyo ilitengenezwa kwa trekta ya namna gani. Kama si ya trekta yako, fundi stadi apime na kutengeneza nyingine, naye aifunge kwa bolti. Usikubali kamwe achomelee chuma juu ya nyumba ya ekseli au giaboksi.

3. Oili

Pampu ya Massey Ferguson 135 imo ndani, nayo hutumia oili ile ile ya gia. Haikufanywa kwa kazi ya kuchimba mchana kutwa. Ni afadhali mtambo uwe na tangi lake na pampu yake, inayozungushwa na shafti ya nyuma, yaani PTO, kwa mizunguko 540 kila dakika. Mtambo usiokuwa na vali ya kupunguza presha usiufunge.

Jihadhari na trekta kama John Deere 3010 na 4010, zilizotolewa mwaka 1960. Ndani yake oili hungoja ikiwa na presha, hali vali za mitambo mingi ya zamani huacha oili ipite wakati wote. Viwili hivyo havipatani bila kubadilishwa.

4. Kagua kabla ya kulipa

(a) Tikisa mkono na ndoo. Zikicheza sana, pini na bushi zimekwisha.
(b) Tazama palipochomelewa. Rangi mpya huficha nyufa.
(c) Fimbo za silinda ziwe laini, zisivuje wala kuwa na mikwaruzo.
(d) Mipira ya oili iliyopasuka ibadilishwe yote.

5. Siku ya kwanza

Tia oili safi na filta mpya. Endesha polepole, ukisogeza kila liva mpaka mwisho ili hewa itoke, kisha ongeza oili. Usitafute mvujo kwa mkono: oili yenye presha hutoboa ngozi. Tumia kipande cha kadibodi. Mtu akitobolewa, hata kama kidonda ni kama ncha ya sindano, apelekwe hospitali saa ile ile.

Angalia uzito wa mbele. Yafaa angalau fungu moja katika matano ya uzito wa trekta liwe juu ya magurudumu ya mbele. Kama sivyo usukani hautatii. Ongeza vyuma vya uzito. Baada ya kazi ya siku ya kwanza, kaza bolti zote tena.

Maswali ya kujipima

1. Chuma cha kalibu kikizidiwa hufanya nini?
2. Kwa nini vyuma vya kuinulia havitoshi?
3. Mvujo wa oili hutafutwaje?

Yasomeni haya katika mkutano wenu kabla ya kupiga kura ya kununua. Mtambo wa bei ndogo usiokuwa na fremu utawagharimu trekta nzima. Kawia ufike.