Dodoso ni Amana: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapochambua Data

Mama ameinjika maharage. Mdadisi anapiga hodi, anapewa kigoda, na kwa saa nzima mama anajibu: ana watoto wangapi, wangapi wametangulia mbele ya haki, mwaka jana nyumba ililala na njaa mara ngapi. Halipwi. Maharage yanaungua. Alichokitoa mama yule ni amana, na wewe mchambuzi, uliyeketi mjini mbele ya kompyuta, ndiye uliyekabidhiwa.

Nimesimamia tasnifu na kukagua ripoti kwa miaka mingi. Makosa mengi niliyoyakuta hayakutokana na hisabati ngumu. Yalitokana na haraka, uvivu wa kuuliza, na hamu ya kupata jibu linalopendeza. Kwa hiyo yafuatayo yasomwe kama masharti.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tunza faili la awali kama lilivyotoka shambani. Lifungie, kisha fanyia kazi nakala. Kila ulichofuta au kurekebisha kiandike: tarehe, sababu, na aliyeamua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Data nazo ni mali. Andika amri zako kwenye programu kama R au Stata na uzihifadhi, ili mwaka kesho uweze kurudia kila hatua. Anayebonyeza vitufe kwa kukumbuka tu hawezi kuthibitisha alichofanya, hata kwake mwenyewe.

2. Hesabu mistari kila faili linapohama. Kama wahojiwa walikuwa 812 kwenye simu za wadadisi, wawe 812 kwenye kompyuta yako, na upungufu wowote uwe na maelezo. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliopimwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye taarifa za kila siku kwa sababu data zilipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, isiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Faili lilijaa, ziada ikaachwa nje kimyakimya. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Kuhesabu mistari huchukua dakika moja.

3. Jua kila tarakimu ilivyozaliwa. Hapa ndipo wachambuzi wetu wanapoanguka zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kompyuta haijui kwamba sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Niliwahi kupewa faili la utafiti wa zahanati ambamo wagonjwa walionekana kufurika saa tisa usiku, wakati mlango umefungwa. Wadadisi walikuwa wameandika 3:00 wakimaanisha saa tatu asubuhi; programu ikaielewa kuwa saa tisa usiku. Rasimu ya ripoti ilikuwa tayari imependekeza wauguzi waongezwe zamu ya usiku. Hakuna aliyeinua simu kumuuliza mdadisi hata mmoja.

Gunia nalo lina mambo yake. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100, na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, halijulikani uzito mpaka lipande kwenye mizani. Hekta moja ni takriban ekari 2.47, hivyo mdadisi aliyeandika "5" bila kipimo amekuachia fumbo, na si haki yako kulifumbua kwa kubahatisha.

Kisha tazama umri. Ukikuta wenye miaka 40, 45, 50 na 60 wamejazana huku wa 41 na 49 wakiwa haba, ujue umekutana na watu waliokadiria. Mzee akisema "nilizaliwa karibu na Uhuru", mdadisi hutafuta umri unaoishia kwenye 0 au 5. Wanademografia hupima mrundikano huo kwa kipimo cha Whipple: 100 ikiwa hakuna mrundikano, 500 ikiwa kila umri unaishia kwenye 0 au 5. Upime kabla ya kuchora mchoro wowote wa umri.

4. Tenga majibu yasiyokuwepo. Madodoso mengi huandika 99 pale mhojiwa asipojibu. Chukua wanawake 20: 18 wana watoto wanne kila mmoja, wawili hawakujibu wakaandikiwa 99. Ukiiacha kompyuta ijumlishe tu, wastani utakuwa watoto 13.5 kwa kila mwanamke. Huo ni rahisi kuugundua. Hatari iko kwenye faili la watu elfu tatu wenye 99 chache, ambako wastani unapanda kidogo tu na unaonekana wa kweli. Kila safu itazame thamani yake ya chini na ya juu kabla ya hesabu yoyote.

5. Uliza nani hayumo, na kipi hakimo. Waliohojiwa kwa simu ni wenye simu. Waliokutwa nyumbani saa nne asubuhi hawakuwa shambani. Sema hivyo kwenye ripoti.

Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi nchini Marekani walijadili kama baridi ingedhuru pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi za chombo cha anga cha Challenger. Baadhi yao waliomba kisirushwe. Lakini ulinganisho ulihusu safari za awali zilizopata hitilafu ya pete peke yake, na hitilafu hizo zilikuwa zimetokea siku za baridi na za joto pia, hivyo mwelekeo haukuonekana. Tume ya uchunguzi ilipozijumlisha safari zilizokwenda salama, picha ilibadilika: hizo zote zilikuwa zimerushwa kwenye nyuzi 18 za Selsiasi au zaidi. Asubuhi ile joto lilikuwa limekaribia sifuri. Chombo kililipuka, na watu saba wakafa. Ushahidi ulikuwepo kwenye safari ambazo hakuna aliyeziweka mezani.

6. Soma maneno katika lugha yaliyosemwa. Mahojiano yaliyofanywa kwa Kiswahili yachambuliwe kwa Kiswahili kwanza, tafsiri ifuate. Mama akisema mwanawe alipata "degedege", usikimbilie kuandika malaria. Kwa daktari huenda ikawa dalili ya malaria kali. Kwa wazazi wengi ni ugonjwa mwingine wenye mganga wake, na hapo ndipo sababu ya kuchelewa hospitali inapojificha. Neno "ndugu" linaweza kuwa kaka, dada, binamu au mtu wa ukoo. Ukilitafsiri "kaka" umeunda familia isiyokuwepo.

7. Mpe mwingine akukague. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake husinyaa kwa wastani wa asilimia 0.1. Wanasiasa waliitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alipata faili lao la Excel akakuta nchi tano zimeachwa nje ya hesabu ya wastani. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo pamoja na kasoro nyingine, walipata ukuaji wa asilimia 2.2.

Na hapa kwetu, Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha mwaka 2004 utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya. Baadaye waliwakabidhi wengine data zao, na uchambuzi wa marudio ukachapishwa 2015. Makosa yalionekana, likiwemo la kukokotoa faida iliyofika shule za mbali. Mabishano yalikuwa makali, lakini watu walibishania kitu kilichokuwa wazi mbele yao. Kremer akawa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019. Kukaguliwa hakukumvunjia heshima, na wewe hakutakuvunjia.

MAMBO YA KUTOFANYA

8. Usitupe wavu mpaka unase. Andika swali lako na nadharia tete yako kabla ya kufungua faili. Ukijaribu mahusiano 20 yasiyo na ukweli wowote kwa kipimo cha 0.05, uwezekano wa angalau moja kuonekana "lina maana" kwa bahati tu ni asilimia 64 hivi. Anayeripoti hilo moja na kuficha 19 anadanganya, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi. Ukijaribu 20, sema ni 20.

9. Usifute jibu kwa sababu linakuudhi. Mkulima aliyevuna mara kumi ya jirani zake huenda ni kosa la sifuri iliyozidi. Huenda pia ndiye pekee aliye kando ya mfereji. Rudi kwenye dodoso, muulize mdadisi. Ukiliondoa, toa matokeo mara mbili, likiwemo na lisipokuwemo, msomaji aone.

10. Usigeuze uhusiano kuwa sababu. Ukikuta nyumba zenye vyandarua zina malaria nyingi kuliko zisizo navyo, usiandike kwamba vyandarua vinaleta malaria. Watu wa bondeni kwenye mbu wengi ndio wanaovitumia zaidi. Linganisha bonde na bonde, mlima na mlima, ndipo useme.

11. Usifiche idadi nyuma ya asilimia. "Asilimia 75 ya wavuvi" ikiwa ni wavuvi watatu kati ya wanne ni ulaghai. Chini ya watu kumi, taja watu.

12. Usimwanike mhojiwa. Kufuta jina hakutoshi. "Mwalimu mkuu, mwanamke, miaka 52" katika kata yenye shule mbili ni mtu anayejulikana na kila muuza duka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lakini ahadi ya siri uliitoa mwenyewe ulipoomba ridhaa. Usitume faili lenye majina kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa dakika tano.

13. Usipinde matokeo kumridhisha mfadhili. Kama mradi haukusaidia, andika haukusaidia. Ukipamba ripoti, kijiji kingine kitaletewa mradi uleule, na fedha zitakwenda na maji mara ya pili.

14. Usiondoke bila mrejesho. Tasnifu ikishajalidiwa na ripoti ikishapelekwa wizarani, kazi haijaisha. Rudi kijijini. Kaa kwenye kigoda kilekile, umweleze yule mama kwa maneno yake ulichokipata, pamoja na usichokuwa na hakika nacho. Akikuuliza, "Mwanangu, yale niliyokwambia uliyapeleka wapi?" uwe na jibu. Na kama kuna jedwali katika ripoti yako ambalo ungeona haya kumsomea, usilichapishe. Fungua faili la awali, uanze upya.