Taa za gari zikififia, usikimbilie globu

Dereva ambaye taa zake hazimuliki tena kama zamani huenda moja kwa moja duka la spea kuulizia globu kali, na muuzaji hana sababu ya kumkatalia. Globu ya kawaida ya H4 hula wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Ile kali ya wati 100 huvuta karibu umeme maradufu kwenye waya zilezile nyembamba. Haichukui muda soketi huanza kuyeyuka, rangi ya fedha ndani ya taa huungua, na barabara inazidi kuwa giza. Pima kwanza, kisha ndipo utoe pesa.

Anza mchana, kwa macho. Kava za taa za siku hizi si kioo, ni plastiki ya polikaboneti, na jua likishamaliza utando wake wa kinga hugeuka njano na ukungu. Chungulia na ndani. Ile sehemu ya fedha inayorudisha mwanga ikiwa imebabuka, hapo hakuna ufundi: tafuta taa nzima, hata iliyotumika, Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwa muuza spea wa mtaani kwako.

Kava ni safi lakini mwanga bado ni hafifu? Sasa tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Washa injini na taa, pima tena: unatarajia kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, tatizo si la taa. Angalia mkanda wa altaneta kama umelegea, au altaneta yenyewe kama bado inachaji. Dalili yake ni kwamba taa hung'aa ukikanyaga mafuta na kufifia gari likisimama kwenye foleni.

Betri ikisoma vizuri, nenda kwenye soketi ya globu. Iache ikiwa imechomekwa na taa inawaka, kisha ingiza ncha za mita kwa nyuma, moja kwenye kila waya wa dimu. Usitegemee bodi kuwa ndiyo hasi hapa, kwa sababu kwenye Toyota nyingi swichi hukata umeme upande wa hasi. Linganisha na kipimo cha betri. Upungufu wa nusu volti unaanza kutia shaka. Volti nzima ni ugonjwa kamili. Globu ya halojeni ina tabia hii: ukiinyima volti 1 kati ya 14, inapoteza zaidi ya moja ya tano ya mwanga wake. Ndiyo maana globu mpya kwenye waya mbovu haisaidii kitu.

Upotevu huo mara nyingi umejificha pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi, hasa kwa magari ya pwani ambako chumvi hula kila boliti. Taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya wa ethi. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, zima kila kitu, chomoa hasi ya betri, fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo na ukaze. Ethi ikiwa safi, kagua fyuzi, rilei na pini za soketi. Pini iliyogeuka kahawia imeshaungua, badilisha soketi nzima.

Kwa kava za njano, funika rangi ya gari kwa tepu ya karatasi, kisha sugua kwa msasa wa maji: namba 800, halafu 1500, mwisho 2000 au 3000, ukimwagia maji wakati wote. Malizia kwa dawa ya kung'arisha rangi. Dawa ya meno hufanya kazi kidogo, ila dawa ya mbu ya kupulizia usiiguse: DEET iliyomo huyeyusha plastiki, hung'aa leo na kupasuka nyufa baadaye. Usipopaka klia yenye kinga ya jua mwishoni, njano itarudi, kwa sababu msasa umeondoa hata kinga kidogo iliyokuwa imebaki. Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo yenye maana kuliko zote.

Globu zikiwa zimeingia weusi, badilisha zote mbili kwa wati zilezile, bila kugusa kioo chake kwa vidole.

Mwisho, kagua uelekeo. Kama kwenye dashibodi kuna kigurudumu cha namba za taa, kiweke 0; wengine huhangaika bure kumbe kiko 4 na taa zinatazama chini. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani kwenye sakafu tambarare. Ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa, nawe urekebishe kwa skrubu iliyo nyuma yake. Wanaoendesha gari la Japani Burundi, Rwanda au Kongo wajue kwamba taa hizo hurusha mwanga upande wa kushoto, usoni mwa anayekuja, na skrubu hiyo haiwezi kuuhamisha. Huko inabidi kununua taa zilizotengenezwa kwa barabara za kulia.