SOMO LA WIKI: Bei Ikishuka, Deni Halishuki

Wafanyabiashara wengi hupima mkopo kwa riba yake. Lipo swali linalotangulia: bei ikianguka, hasara inaanzia kwa nani?

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Mirongo ananunua mzigo wa Sh. 10,000,000. Fedha yake ni Sh. 2,000,000, mkopo ni Sh. 8,000,000. Bei ikishuka kwa asilimia 20, mzigo una thamani ya Sh. 8,000,000, lakini deni liko palepale. Mtaji wake umekwisha wote, kabla ya kuhesabu riba. Jirani yake aliyekopa Sh. 2,000,000 tu kwa mzigo kama huo amebakiwa na Sh. 6,000,000. Mkopeshaji hajapoteza kitu.

Hesabu hii ndiyo kiini cha utafiti wa wachumi Atif Mian na Amir Sufi kuhusu mdororo wa Marekani wa 2007 hadi 2009. Kati ya 2000 na 2007 madeni ya kaya nchini humo yaliongezeka maradufu hadi dola trilioni 14, sehemu kubwa ikiwa mikopo ya nyumba. Bei za nyumba zilipoanguka, wenye deni kubwa na akiba ndogo ndio waliobana matumizi zaidi. Nyumba zilizokamatwa ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikashusha na bei za jirani. Wateja wa magari wakapungua, na viwanda vya mbali, ambako bei za nyumba hazikuporomoka, navyo vikapunguza wafanyakazi. Mwaka 2017, pamoja na Emil Verner, walichapisha uchunguzi wa nchi 30: madeni ya kaya yakipanda haraka kuliko pato la taifa, ukuaji wa uchumi hupungua miaka inayofuata.

Ziwa Victoria nalo lina somo lake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilitegemea sana soko hilo. Mvuvi aliyekopeshwa nyavu na injini ili alipe kwa sangara alibaki na deni lisilojua marufuku. Na fedha ikipungua mwaloni, muuza mitumba na mama lishe wa mjini, wasio na mtumbwi, nao hukosa wateja.

Basi kabla ya kutia saini:

1. Piga hesabu ya bei ikishuka kwa asilimia 20 na mauzo yakichelewa miezi mitatu. Kama marejesho hayatoki, punguza mkopo.

2. Usiweke rehani nyumba unayoishi kwa mzigo wa msimu mmoja. Mzigo ukikwama kwa wengi, nyumba nazo hupigwa mnada wakati wanunuzi ni wachache.

3. Chunguza wateja wako wanaishi kwa kipato gani. Kama wote wanategemea samaki, pamba au dhahabu, na umewauzia kwa mkopo, watashindwa kulipa kwa pamoja.

4. Mwenye hisa za benki asome kiwango cha mikopo chechefu kabla ya kusoma gawio.