Somo la 4: Bustani Baada ya Mvua Nyingi

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya miamba. Mvua kubwa inaponyesha, kama zile za El Niño za mwaka 1997/98 na 2023/24, maji huteremka vilimani kwa kasi, hukusanya taka na maji ya vyooni, kisha huingia Mto Mirongo na kuelekea Ziwa Victoria. Mwenye bustani aliyevumilia kiangazi hufurahi. Hata hivyo, tunamshauri aikague bustani yake kabla ya kutumia fedha dukani.

Udongo
Kwenye miteremko, maji huondoa udongo wa juu na kubakiza changarawe. Nitrojeni nayo huyeyuka na kuzama mbali na mizizi, hivyo majani ya mchicha huweza kuwa ya manjano bila ugonjwa wowote. Bondeni, udongo mweusi wa mbuga hujaa maji, ukakosa hewa, na mizizi ikaoza. Tiba ya hali hizi ni samadi iliyoiva au mboji, matuta yaliyoinuliwa na mifereji ya kutolea maji. Usilime tope. Finyanga donge mkononi: likivunjika kwa urahisi, udongo uko tayari.

Viuatilifu
Unyevu hueneza bakajani kwenye nyanya, na hapo dawa huhitajika. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kikiwa katika chombo chake halisi chenye lebo. Usipulizie mvua inapokaribia, kwa kuwa dawa itasombwa. Zingatia idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dai risiti na uitunze. Bila hiyo, ni vigumu kuthibitisha malalamiko yako.

Mboga zilizofikiwa na mafuriko
Mboga zinazoliwa mbichi, kama saladi na nyanya za kachumbari, zikiguswa na maji ya mafuriko, zisiliwe wala zisiuzwe. Kuziosha hakutoshi kuondoa vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Tunafahamu kwamba hasara hiyo ni chungu kwa anayetegemea tuta moja kulisha familia. Lakini mlaji hawezi kuona kwa macho kilichomo ndani ya jani.

Swali la kujipima
Majani ya mchicha wako yamekuwa ya manjano wiki moja baada ya mvua. Utakagua nini kabla ya kununua dawa?