Karatasi Kuukuu Ni Akiba ya Mkulima



Somo letu la mwezi huu si la jembe wala la mbolea. Ni la vitu ambavyo wengi wetu huvitupa jalalani: magazeti yaliyokwisha kusomwa, madaftari ya watoto yaliyojaa, mifuko mitupu ya saruji, makopo na chupa. Pengine utauliza, "Je, haya ni mambo ya mkulima, au ni michezo ya watoto wa shule?" Soma hata mwisho, kisha uhukumu mwenyewe. Mche hufa baada ya kupandikizwa kwa kuwa mizizi yake ilikatika. Mbegu huota ukungu kabla mvua haijanyesha. Mtoto hunywa maji katika chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu. Mambo haya matatu yote yanatokana na chombo, na mkulima mwenye kufikiri aweza kuyazuia.

Hapa Shanzu karatasi haikosekani. Tuna mahoteli ya pwani, tuna maduka na shule, na jirani yetu ni Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Wenzetu wa mashamba ya makazi ya Mtwapa, Tezo, Roka na Ngerenya nao wana watoto wenye madaftari, na kila anayejenga nyumba hubakiwa na mifuko ya saruji. Tena kumbuka kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Anayepatikana na hatia aweza kutozwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kufungwa mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Kwa hiyo yafaa tujifunze kuitumia karatasi vizuri.

1. VIKOPO VYA KARATASI VYA KUOTESHEA MICHE

Mipapai, matikiti na matango haipendi kuguswa mizizi. Ukiing'oa kitaluni na kuipandikiza, mingi hunyauka. Lakini ukiiotesha katika kikopo cha karatasi, waupanda mche pamoja na kikopo chake, na mizizi haijui kama imehama. Karatasi huoza udongoni.

Fanya hivi:

(a) Chukua karatasi moja ya gazeti, yenye kurasa mbili, mbele na nyuma. Ikunje katikati kwa urefu, upate ukanda wenye upana wa sentimita 14 hivi.

(b) Tafuta chupa yenye upana wa sentimita 7. Izungushie ukanda huo, uache sentimita 4 zipite chini ya kitako cha chupa.

(c) Kunja sehemu iliyopita, kidogo kidogo kuzunguka kitako, kisha gonga chupa juu ya meza ili mikunjo ishikane. Toa chupa. Kikopo chako ki tayari, nacho kina kina cha sentimita 10.

(d) Changanya makopo 3 ya udongo wa juu, makopo 2 ya samadi iliyooza vizuri, na kopo 1 la mchanga. Kama udongo wako ni wa kichanga, kama ulivyo mahali pengi huku pwani, punguza mchanga au uuache kabisa. Usichukue mchanga wa ufuoni, maana una chumvi, na chumvi huua miche.

(e) Jaza vikopo, uvipange vimebanana ndani ya sanduku chini ya kivuli chepesi. Vikikaa mbalimbali vitapasuka.

Gazeti la kurasa 48 lina karatasi 24, yaani vikopo 24. Kikopo cha gazeti hudumu majuma manne au zaidi kidogo, na muda huo watosha kabisa kwa matikiti na matango. Mpapai hukaa kitaluni zaidi, basi tumia karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji. Kung'uta mfuko nje, penye upepo, mgongo wako ukielekea upepo utokako, kwa maana vumbi la saruji hudhuru macho na mapafu. Tumia tabaka la nje lililo safi, na kama ndani mna plastiki, iondoe.

Kwa kumwagilia, chukua chupa ya maji ya kunywa, utoboe kifuniko chake matundu madogo kwa msumari uliopashwa moto. Maji yatatoka kama manyunyu, wala hayatachimba udongo.

Siku ya kupandikiza, loweka kikopo kwanza, uchane kitako chake kidogo, kisha ukifukie chote. Usiache ukingo wa karatasi ukitokeza juu ya ardhi, maana jua na upepo vitaufyonza unyevu kupitia karatasi hiyo, nao mche utakauka hali shamba lina maji.

2. GUNDI YA MUHOGO NA BAHASHA ZA MBEGU

Mbegu isiyokauka sawasawa, ikifungwa katika plastiki, hutoa jasho na kuoza. Karatasi huipa nafasi ya kupumua. Bahasha za mbegu ni kazi nzuri ya jioni kwa mama, baba na watoto.

Kwanza pika gundi. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi, uweke juu ya moto mdogo, ukoroge mpaka iwe nzito na kung'aa kama uji. Pika ya siku moja tu, maana huchacha upesi. Ipake nyembamba, kwa sababu mende huipenda sana.

Kata karatasi ya daftari au ya kaki, uikunje iwe bahasha, ugundishe pande mbili. Kabla ya kutia mbegu andika juu yake mambo matatu: jina la mbegu, tarehe uliyoivuna, na sehemu ya shamba ilikotoka. Mkulima asiyeandika hupanda kwa kubahatisha.

Huku kwetu hewa ina unyevu mwingi. Kwa hiyo, mbegu zikiisha kukauka vizuri, zitie bahasha ndani ya chupa au kopo lenye kifuniko cha kubana, na chini yake weka mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, ili uvute unyevu. Chombo kikae mahali pa baridi, mbali na dirisha la jua.

3. KUTENGENEZA KARATASI NYUMBANI

Vipande vilivyobaki visitupwe. Virarue vidogo vidogo, uviloweke usiku kucha, uvitwange katika kinu cha zamani mpaka viwe rojo. Mimina rojo hilo katika beseni la maji. Tengeneza kiunzi cha mbao nne, ukiwambe wavu wa dirisha. Kizamishe, ukiinue taratibu kikiwa sawasawa, maji yachuruzike. Kipindue juu ya kitambaa, funika kwa kitambaa kingine, kandamiza kwa ubao na jiwe, kisha anika kivulini. Utapata karatasi nene, ngumu kidogo, ifaayo kwa vibandiko vya kitalu, majalada ya madaftari na kadi za sikukuu.

Usidhani kazi hii haina soko. Kwale, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, iko hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika ardhi ya wakulima wa huko. Kabla yake tembo walikuwa wakiharibu mazao. Wenye ardhi walikubali kuiweka chini ya hifadhi wapate fungu la mapato ya watalii, na tena ikaanzishwa kazi ya kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Tembo hasagi vyema majani tumboni, hivyo nyuzi nyingi hutoka nzima. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa, hutwangwa na kuchujwa kwa kiunzi, kama tulivyoeleza, na karatasi zake zimeuzwa kwa watalii. Ikiwa mavi ya tembo yamekuwa karatasi ya kuuzwa, sembuse daftari la mwanao?

4. VYOMBO VISIVYOFAA KAMWE

Sehemu hii mwenye kusoma amsomee asiyejua kusoma.

Chupa, kopo au mfuko uliokuwa na dawa ya wadudu, ya magugu au ya kuogeshea mifugo usitiwe maji, maziwa, mafuta, chumvi wala mbegu ya kula, hata ukiuosha kwa sabuni mara kumi. Mfuko wa mbegu iliyotiwa dawa, ambayo aghalabu hupakwa rangi, nao usiwekwe unga. Ukimaliza dawa, suuza chupa mara tatu, na maji ya kusuuzia uyamimine ndani ya pampu ya kupulizia ili yatumike shambani. Kisha itoboe chupa isiweze kutumika tena, uihifadhi mbali na watoto, umwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako mahali pa kuipeleka. Usiichome, na usiitupe kisimani wala mtoni.

Vyombo vinavyofaa kutumika tena ni vile tu ambavyo wajua kwa hakika vilikuwa na kitu gani. Usichokijua, usikitumie.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ukingo wa kikopo cha karatasi usitokeze juu ya ardhi?
2. Mkulima ataka vikopo 100. Atahitaji magazeti mangapi ya kurasa 48?
3. Taja mambo matatu ya kuandikwa juu ya bahasha ya mbegu.
4. Kwa nini mchanga wa ufuoni haufai kitaluni?
5. Chupa ya dawa iliyokwisha hufanyiwaje?

Jibuni maswali haya pamoja nyumbani au katika kikundi chenu. Kisha anzeni na vikopo kumi tu, majuma manne kabla ya mvua. Haba na haba hujaza kibaba.